Wanawake Wasioogopa Moto

Katika nyumba ya wakwe zangu kule Mpepai, sufuria ya ugali ilikuwa haishikwi kwa kitambaa. Mwanamke aliinama, akaikamata kwa viganja vitupu pande zote mbili, akaiepua na kuitua chini bila haraka. Nilipoolewa na marehemu mume wangu, Cuthbert, nikitokea chuo cha ualimu, jambo hilo ndilo la kwanza nililoonyeshwa. Mama mkwe wangu, Bibi Albina, aliepua chungu chake mbele yangu, akafungua viganja nivione, kisha akasema, "Wanawake wa nyumba hii hawaogopi moto, mwanangu. Wewe jaribu taratibu." Nilijaribu mara moja. Niliungua, nikachukua jani la mgomba la kushikia, na tangu siku hiyo nikahesabiwa kuwa mke wa shule. Hawakunidharau. Walinionea huruma tu, kama watu wa milimani wanavyomwonea huruma mgeni asiyejua kuchimba mashimo ya ngolo ya kulimia kwenye mteremko.

Naandika habari za wifi yangu Hedwiga, binti mkubwa wa Bibi Albina. Naziandika kwa sababu hapa Mbinga mjini, watu wakitoka misani, nimekwisha kuzisikia zikisimuliwa kwa namna isiyomfaa yeye wala nyumba yetu. Wako wanaosema alimharibia mtoto posa kwa wivu wa mwanamke aliyeachwa. Wengine wanasema ukoo wetu una laana. Nimechoka kusahihisha mtu mmoja mmoja kwenye ngazi za kanisa. Nilifundisha Biolojia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na kama habari hizi lazima zisimuliwe, basi afadhali zisimuliwe na mtu anayezijua.

Hedwiga aliolewa ziwani, Kihagara, na mvuvi Mnyasa aliyeitwa Steven. Kwa Mmatengo wa milimani, kuolewa ziwani kulikuwa ni kuteremka kwa namna zote: joto, mbu, samaki kila siku, na bwana harusi Mwanglikana. Bibi Albina alilia siku mbili tatu, kisha akamruhusu. Huko Hedwiga alijifunza kukausha samaki kwa moshi. Wanawake wenzake waliwageuza mbasa juu ya chanja kwa vijiti. Yeye aliwageuza kwa vidole.

"Wewe Mmatengo, umezaliwa na mhunzi?" walikuwa wakimtania.

"Nimezaliwa na Albina," naye alikuwa akijibu. "Pandeni mlima mkamwone."

Hakujaliwa mtoto. Lakini shemeji yangu Henry, kitinda mimba wa nyumba yetu, alifiwa na mke wake Eliza katika uzazi, na kile kichanga kikapelekwa ziwani kwa shangazi yake. Henry naye hakukawia kumfuata mkewe. Mtoto huyo ndiye Gaudiosa. Hedwiga alimlea kwa maziwa ya kopo na uji mwembamba, akalala naye kitanda kimoja, akambeba mgongoni huku akigeuza samaki. Tangu hapo Hedwiga hakuwa na haja nyingine duniani ila moja: Gaudiosa apate maisha yaliyo bora kuliko yake, asome, aolewe kwa heshima, atoke nyumbani kwa vigelegele. Msomaji alishike hilo, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Gaudiosa alipokuwa mtoto wa kutambaa, vidole vya Hedwiga vilianza kupata vidonda visivyopona. Moto ulikuwa ukimla na yeye hana habari. Alijua ameungua akisikia harufu. Walimpaka dawa za miti, wakamwombea, wakasema moshi wa chanja umemwingia kwenye damu. Kidole kidogo kikapinda, kikafuata cha pili yake. Hakuna aliyeshangaa kwamba haumii, kwa kuwa kwao walikuwa wanajulikana kwa kutoumia. Nadhani ni nyumba yetu peke yake iliyoweza kukosea hivyo: ugonjwa unapiga hodi, nasi tunaupokea kama sifa.

Muuguzi aliyepita vijijini kuchanja watoto ndiye aliyemtazama usoni na masikioni, akampeleka hospitali. Ukoma. Alimeza dawa mwaka mzima, hakuruka hata siku moja, na ngozi yake ikawa nyeusi kama chungu kwa ajili ya dawa hizo. Alipona. Steven, ambaye alikuwa mpole na sitaki asemwe vibaya, alimpandisha Mpepai pamoja na mtoto "wakapumzike kidogo," akashuka, hakurudi kuwachukua. Cuthbert wangu akamjengea dada yake nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya migomba, mwisho wa shamba la kahawa. Hili nalisema kwa sababu wako wanaosema tulimtupa.

Nyumba yetu bado inakula sengu siku za Jumapili na sikukuu. Ukoo wote hukusanyika uwanjani kwa mkubwa wa nyumba, wanaume kwenye jamvi lao na wanawake kwenye lao, mikono yote katika sinia moja. Hedwiga siku zote alikuja na sahani yake ya bati yenye maua mekundu, akapakuliwa, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jiko. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemwambia aache. Gaudiosa peke yake ndiye aliyemfuata pale kizingitini wakala pamoja. Watu walisema ni mapenzi ya mtoto, wakamwacha. Akakua hivyo, akawa msichana mrefu mwenye kucheka kwa sauti, na siku alipoepua sufuria kwa viganja vitupu kwa mara ya kwanza, jiko zima lilipiga vigelegele. Hedwiga alipiga kuliko wote.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, walikuja watafiti. Kiongozi wao ni daktari kijana aitwaye Dokta Aidan. Walikuwa wakiwatafuta watu waliotibiwa ukoma zamani pamoja na wale walioishi nao nyumba moja, kutaka kujua ugonjwa huu unajificha wapi wakati dawa ipo na ni ya bure. Walihitaji kipande kidogo cha ngozi ya Hedwiga, na walitaka kuwapima wote wa nyumbani.

Shemeji yangu Mansuetus, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu Cuthbert alipofariki, alikataa. Wakati huo kijana Tadei wa Kigonsera, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekwisha kutuma mshenga kwa ajili ya Gaudiosa, na siku ya wazazi wake kuja kula kwetu ilikuwa imepangwa.

"Gari la ukoma likisimama uwanjani kwangu," alisema Mansuetus, "Kigonsera watajua kabla halijazimwa injini."

Hedwiga naye alikataa, tena kwa sababu hiyo hiyo. "Waambieni nimekufa."

"Dada!"

"Basi waambieni naumwa. Walishanikata masikio kunipima enzi zile. Mimi si kitenge, kila apitaye akate kipande chake. Mtoto aolewe kwanza, halafu waje wanichune wapendavyo."

Mimi ndiye niliyesema aje kwangu Mbinga mjini. Gari la daktari mlangoni kwa mwalimu mstaafu halimshangazi mtu. Wakakubali wote wawili kwa shingo upande.

Alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na kanga, kikombe chake na ile sahani ya maua mekundu. Nilimtolea kikombe cha kabatini, akanishukuru, akanywea cha kwake. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, chini ya picha ya kaka yake, kama mtu anayengoja kuitwa dirishani hospitali.

"Shikamoo, mama," alisema Dokta Aidan alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kisu kikubwa au kidogo?"

"Kidogo, mama. Kama wembe."

"Wote husema kidogo."

Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa likinisumbua tangu siku za kufundisha. Kama wanataka kumjua huyu mdudu, kwa nini wasimwoteshe maabara, wakawaacha watu na ngozi zao?

"Hakubali, Mwalimu," alijibu. "Bakteria wengi ukiwapa chakula kwenye kisahani wanaota. Huyu watu wamemjaribu tangu alipogunduliwa, zaidi ya miaka mia, hajaota hata mara moja. Anaota kwenye nyayo za panya. Anaota pia kwa mnyama mmoja wa Amerika mwenye magamba mgongoni."

"Na kwangu," alisema Hedwiga.

"Na kwa binadamu, ndiyo."

"Ana macho ya kuchagua huyo."

Dokta Aidan alicheka, akaanza kumsafisha ndewe ya sikio kwa pamba. "Tena ni mvivu, mama. Bakteria wengine hugawanyika nusu saa haijaisha. Huyu huchukua karibu wiki mbili ndipo mmoja awe wawili. Kwa hiyo mtu anaweza kumpata akiwa mtoto, akaja kuona dalili yupo sekondari, au ana watoto wake mwenyewe."

"Kwa hiyo ananila polepole."

"Havili vidole, mama. Watu wanadhani hivyo. Anapenda sehemu zenye ubaridi, masikio, pua, mikono, miguu, na huko anaiua mishipa ya fahamu. Vidole vinamalizwa na moto, na jembe, na jiwe, kwa kuwa mwenyewe hasikii. Kwako ganzi ilianza lini?"

Hedwiga alicheka. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu afike. "Ganzi? Sisi kwetu hatujui moto tangu kuzaliwa. Muulize Mwalimu. Yeye aliungua siku ya kwanza, akakimbilia majani ya mgomba."

"Ninyi akina nani, mama?"

"Wanawake wa nyumba yetu. Mama yangu aliepua chungu kwa viganja mpaka anazeeka. Na mimi."

"Na sasa hivi huko nyumbani, nani mwingine anaepua bila kitambaa?"

Mkono wa daktari ulikuwa bado sikioni kwake. Hedwiga alinitazama mimi, nami nikamtazama, na sote wawili tulikuwa tukiliona jiko la Mpepai na msichana mrefu amesimama katikati yake anapigiwa vigelegele.

"Gaudiosa," alisema mwishoni. "Huyo nimemlea mimi."

Dokta Aidan alisema inaweza kuwa ni mazoea tu, viganja vya kazi huwa vigumu. Alisema lazima apimwe. Alisema ukoma ukikamatwa mapema unapona na mikono inabaki mizima, isipokuwa dawa mojawapo itamtia weusi kwenye ngozi kwa muda. Yote aliyasema kwa upole, na sikumbuki kama Hedwiga alihisi alipomkata.

Alipoondoka tukabaki sisi wawili. Nilimwambia Hedwiga niliyoyafikiri, na sioni sababu ya kuyaficha. Wageni waje wiki ijayo, mambo yafungwe. Kisha nitamchukua Gaudiosa hapa kwangu, nitasema nataka wa kunisaidia kazi, atibiwe mjini bila kelele.

"Na ngozi ikibadilika rangi?"

"Tutasema ni jua."

"Mimi nilisema ni moshi."

"Hedwiga, wiki moja haimkati mtu kidole."

"Najua, wifi. Lakini baada ya posa itakuwa harusi. Baada ya harusi watangoja azae kwanza, wasije wakamrudisha. Ndivyo nilivyongoja mimi. Kila mara palikuwa na kitu cha kukipisha."

"Na wakimkataa? Atabaki pale nyuma ya migomba na wewe?"

Nilijua nimemchoma. Alikiosha kikombe chake, akakikausha kwa kanga, akakirudisha kikapuni. "Hilo ndilo linaloniua," alisema. "Kitu nilichomwombea usiku na mchana, nikakichane mimi kwa mikono yangu hii." Alinyoosha vile vidole vilivyopinda, akavikunja kiasi vinavyokunjika. Jioni ile tulilala mapema. Bado naamini kwamba wiki moja isingeharibu kitu, na kwamba heshima ya msichana inastahili kulindwa kama mkono wake. Lakini nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amechoka kunizidi.

Siku ya wageni nilifika Mpepai mapema. Nikazunguka nyuma ya migomba kumsalimu Hedwiga, nikawakuta wamekaa kwenye mkeka mlangoni. Gaudiosa alikuwa amefumba macho, mkono wa kulia umenyooshwa. Hedwiga alishika nyoya la kuku.

"Sema nikikugusa," alimwambia.

"Haya."

Nyoya lilipita begani. "Umegusa," akasema Gaudiosa. Likashuka chini ya kiwiko, juu ya baka la rangi hafifu ambalo msichana alikuwa analipaka dawa ya mba tangu mwaka jana. Likapita mara moja, likarudi, likapita tena. Likafika kwenye kiganja.

Gaudiosa akangoja. Kisha akacheka. "Shangazi, mbona hunigusi?"

Alipofumbua macho akaliona nyoya limelala katikati ya kiganja chake. Hakulia, wala hakuuliza ni nini, maana tangu utotoni alikula na jibu hilo katika sahani moja.

"Kumbe," alisema.

"Nilikupigia vigelegele," alisema Hedwiga. "Mungu wangu, nilipiga mpaka sauti ikakauka."

Gaudiosa alimfuta shangazi yake machozi kwa ule mkono wa kushoto, ambao bado unasikia kidogo. Nikawaacha.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri: mama yake Tadei, mwanamke mnene mchangamfu, na baba mdogo wa kijana, Mzee Protasi, mtu wa maneno machache. Walikaribishwa vizuri. Hildegardi, mke wa Mansuetus, alikuwa ameupanga mwenyewe mchezo wa siku: ugali uive wageni wakiwa wameketi, jiko la mawe likiwa pale pale uwanjani, Gaudiosa aepue mbele yao. Hakujua lolote. Mimi nilijua, na nilikuwa natafuta njia ya kumtuma msichana ndani kwa shughuli nyingine.

"Gaudiosa!" Hildegardi aliita. "Epua, mwanangu, wageni wana njaa."

Hedwiga alitokea upande wa migomba. Siku zote wageni wakiwapo yeye hubaki kwake. Siku hiyo alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, na mkononi ana kitambaa.

"Dada," alisema Hildegardi kwa sauti ya chini, "nenda kapumzike."

"Mwacheni binti tumwone!" mama yake Tadei alicheka. "Tumesikia mpaka Kigonsera kwamba wanawake wa nyumba hii hawaogopi moto."

Hedwiga alimsogeza Gaudiosa kando kwa kiwiko. Alikunja kitambaa mara mbili, akaishika sufuria kwa vile vidole vyake, akaiepua, ikayumba kidogo, akaitua. Kisha akanyanyuka polepole kwa sababu ya magoti.

"Si kwamba hawakuuogopa, dada yangu," alisema. "Walikuwa hawausikii."

"Unasemaje?"

"Hedwiga!" Mansuetus alikuwa amesimama.

"Baba mkubwa, mwache," alisema Gaudiosa. "Shangazi, waambie. Mimi nataka wajue."

Hedwiga alinigeukia. "Mwalimu, waambie wewe. Mimi nitayavuruga."

Basi nikasimama. Kama jambo lilikuwa lisemwe uwanjani kwetu, lisemwe sawasawa. Niliwaeleza kwamba wifi yangu aliugua ukoma na akapona. Kwamba binti ana dalili zake na hajaanza matibabu. Kwamba ni bakteria, si laana wala damu mbaya. Kwamba dawa ipo. Nilisema kama nilivyokuwa nikisema darasani, na sikuinamisha kichwa.

Mama yake Tadei alikuwa ameacha kucheka. "Unapona kabisa?"

"Kabisa. Na akikamatwa mapema, hapati kilema."

"Wajukuu je?"

"Haurithiwi."

Akalitazama sinia. "Na hiki chakula?"

"Hauambukizwi kwa sinia. Ni kwa pumzi ya asiyetibiwa, kwa kuishi naye karibu muda mrefu. Na watu walio wengi, miili yao inamshinda tu huyo mdudu."

Kisha Mzee Protasi akanyoosha mikono anawishwe, na mama yake Tadei akafuata. Walikula. Kidogo, lakini walikula, na nataka hilo lijulikane kwa wale wanaosema walikimbia. Walipoaga, Mzee Protasi alimshika Gaudiosa mkono, ule wa kulia, akasema, "Pona, binti. Tutarudi kahawa ikishavunwa."

Mansuetus aliwasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisimama mbele ya dada yake.

"Nimechoka, Mansuetus," alisema Hedwiga. "Nitukane kesho."

Kesho yake hakumtukana. Alimpigia simu Dokta Aidan.

Gari likaja, likasimama uwanjani mchana kweupe, na maandishi yake ubavuni. Ukoo mzima ulipimwa. Gaudiosa alichukuliwa kipande cha ngozi, wapate kusoma vinasaba vya mdudu wake na kumlinganisha na waliopatikana kwingine kando ya ziwa, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Sisi wengine hatukuwa na kitu, tukapewa dozi moja ya kinga. Mansuetus alimeza wa mwisho, akiwa amegeukia shambani.

Majibu ya Hedwiga yalikuja baadaye, wakati tumeanza kuanika kahawa. Dokta Aidan alikaa nasi karibu na vichanja, akasema kwamba kwenye ngozi ya mama hawakukuta mdudu hata mmoja.

"Wamekufa lini?" aliuliza Mansuetus.

"Zamani, mzee. Mtu akianza dawa, siku chache tu haambukizi tena. Gaudiosa aliupata akiwa mchanga, kabla mama hajatibiwa."

"Kwa hiyo hii miaka yote. Ile sahani."

"Sahani gani?"

Mansuetus alikuwa akichambua kahawa kwenye kichanja, punje mbovu upande huu, nzuri upande ule, na aliendelea kuchambua hata zilipokwisha mbovu.

Nilimsindikiza daktari mpaka garini kwa sababu nilikuwa na langu. Mama mkwe wangu alipofariki, mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Miguu yake ilikuwa imebaki na vidole vichache. Alikuwa akituambia panya walimtafuna akiwa usingizini, naye hakuamka, kwa kuwa wanawake wa nyumba ile hawakuwa wa kuamshwa na panya. Tulicheka naye. Nilimweleza Dokta Aidan hayo, na habari za chungu, na viganja alivyonionyesha nikiwa bibi harusi.

"Siwezi kumpima marehemu kwa simulizi, Mwalimu."

"Sijauliza kama unaweza. Nauliza unafikiri nini."

Alichezea ufunguo wa gari. "Nafikiri unavyofikiri wewe."

Basi huenda Hedwiga naye alipewa mgongoni mwa mama yake, kama alivyompa Gaudiosa, na sifa tuliyokuwa tukiitembeza mpaka Kigonsera ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe. Nilimwambia Hedwiga peke yake. Alisikiliza, kisha akasema, "Maskini mama, na alivyojivuna." Mimi nimeliandika hapa kwa sababu jina la nyumba yetu halikujengwa juu ya chungu. Nyumba hii ilisomesha, ilizika watu wake vizuri, na siku ilipotakiwa kusema kweli mbele ya wakwe ilisema. Anayetaka kutusema, atuseme kwa hayo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa sengu, Hedwiga alipakuliwa kwenye sahani yake, akaelekea kizingitini kama kawaida. Mansuetus akaita kutoka jamvi la wanaume, bila kumtazama, "Dada, sogea hapo kwa wenzako." Hildegardi akampokea sahani, akaumimina ugali wake kwenye sinia. Wanawake wakabanana, nafasi ikapatikana. Hedwiga alikaa. Alichovya tonge la kwanza, la pili, nasi sote tukajitia kutomwona. Kisha akasema jamvi linamuumiza magoti.

"Kuleni," alisema. "Mimi nimechoka." Akanyanyuka, akarudi kwenye kizingiti, akaegemea mwimo wa mlango, akafumba macho juani. Sahani aliiacha kwetu.

Kahawa ya mashamba ya juu bado haijaisha kuvunwa. Tadei hupiga simu, na Gaudiosa huenda kuzungumza naye mbali kidogo, kwenye migomba. Mama yake Tadei hajasema kitu. Ngozi ya Gaudiosa imeanza kuwa nyeusi kama walivyosema, na watu wa Mpepai wameiona. Kitambaa kinaning'inia kwenye msumari karibu na jiko. Mara nyingine mtoto anasahau, anainama na viganja vyake vitupu. Hapo Hedwiga hukohoa pale kizingitini, mara moja tu, na Gaudiosa hurudi nyuma akachukua kitambaa.